Kabla hujamnunulia mama vitamini D, mpime kwanza kalsiamu

Kopo la vitamini D limekuwa zawadi ya kawaida katika familia zetu. Mtoto anayefanya kazi Oman au Marekani akija likizo, sanduku lake halikosi makopo mawili matatu: la baba, la mama na la shangazi anayelalamika magoti. Tangu kipindi cha korona, hata wasio na ndugu nje wananunua wenyewe kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari, wakiamini kwamba vitamini ni sehemu ya chakula na chakula hakimdhuru mtu.

Kwa watu wengi dozi ndogo haina shida. Lakini lipo kundi ambalo kopo hilo hilo linaweza kulipeleka wodini. Ni watu ambao tezi zao za parathairoidi zinafanya kazi kupita kiasi. Wengi wao hawajui kama wana tatizo hilo. Hawajawahi kupimwa, na dalili zake zinafanana sana na zile zinazomfanya mtu akimbilie vitamini D.

Tezi ndogo kama punje ya mchele

Sehemu ya mbele ya shingo kuna tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu. Nyuma yake zimejibanza tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia punje ya mchele. Hizo ndizo parathairoidi. Kwa udogo wake, wataalamu walichelewa kuziona. Mwingereza Richard Owen alizitambua katikati ya karne ya 19 alipompasua kifaru wa Kihindi aliyefia katika bustani ya wanyama ya London. Kwa binadamu zilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1880 na mwanafunzi wa udaktari wa Sweden, Ivar Sandström.

Jina linachanganya watu. Tezi hizi ni jirani tu wa thairoidi, kazi zao ni tofauti. Mtu anaweza kupimwa thairoidi, akaambiwa iko salama, kumbe jirani zake ndizo zinazoumwa.

Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Madini haya hayahitajiki kwenye mifupa na meno tu, maana moyo, misuli na mishipa ya fahamu haviwezi kufanya kazi bila hayo, na ndiyo sababu mwili hauruhusu kiwango chake kipande au kushuka ovyo. Kwa maabara nyingi, kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita moja ya damu.

Kikishuka kidogo, tezi hutoa homoni ambayo karatasi ya maabara huiandika kwa herufi PTH. Homoni hiyo huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, huzuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na tena huziamuru figo hizo hizo ziigeuze vitamini D kuwa ya aina yenye nguvu zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoliwezesha tumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye maziwa, dagaa na mboga tunazokula.

Fikiria tanki la maji lililo juu ya nyumba. Ndani yake kuna boya. Maji yakipungua, boya linashuka na bomba linafunguka. Tanki likijaa, boya linapanda na kufunga. Tezi za parathairoidi ndizo boya la kalsiamu.

Boya likikwama

Kwa mgonjwa, boya limekwama chini. Damu imeshajaa kalsiamu lakini tezi inaendelea kumimina homoni. Mara nyingi chanzo ni uvimbe mdogo usio saratani kwenye tezi moja tu kati ya nne, na hali hiyo hukutwa kwa zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, hasa waliovuka miaka 50 na kukoma hedhi. Kwa maneno mengine, ni mama na shangazi zetu, wale wale wanaoletewa makopo.

Sasa mtu huyu anapoanza kumeza vidonge vikubwa vya vitamini D, ni kama umemfungulia bomba la pili kwenye tanki ambalo tayari linafurika. Mtu mwenye afya akipata kalsiamu ya ziada, tezi zake hunyamaza na figo huimwaga iliyozidi. Ana breki. Mgonjwa wa parathairoidi breki hiyo hana. Kalsiamu inatoka kwenye mifupa, figo zinaikumbatia, na utumbo nao sasa unaivuta kwa nguvu. Dozi ambayo jirani aliitumia mwaka mzima bila kuumwa inaweza kumlaza yeye.

Hapa wengi huuliza: kama vitamini D ni hatari hivyo, mbona jua letu halitudhuru? Jibu linapendeza. Ngozi ina kipimo chake. Ikishatengeneza vitamini ya kutosha, jua hilo hilo huanza kuivunja ile ya ziada, kwa hiyo hakuna anayezidisha vitamini D kwa kukaa juani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, ukakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Hicho ni kiwango kizuri kabisa, na walikipata bila kidonge hata kimoja. Kuzidisha kunatokana na kopo, matone na sindano, kwa sababu vitu hivyo havipiti kwenye kipimo cha ngozi.

Mtego uko kwenye dalili

Kalsiamu ikizidi, mtu anachoka. Mifupa na misuli inauma. Choo kinakuwa kigumu, hamu ya kula inapotea, kichefuchefu kinakuja na kuondoka. Anakuwa na kiu isiyoisha na anaamka usiku mara tatu, nne kwenda kukojoa. Wengine wanakuwa wazito wa kukumbuka mambo, au wanakosa raha bila sababu inayoeleweka. Figo zinaanza kutengeneza mawe.

Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona tatizo. Kila dalili ina maelezo rahisi ya nyumbani. Uchovu ni umri. Kukojoa usiku ni sukari, na akipimwa sukari inakutwa iko sawa, basi mjadala unaishia hapo. Maumivu ya mifupa ni upungufu wa vitamini, ongeza kidonge. Na akiongeza, maumivu na uchovu vinazidi, kwa hiyo anaongeza kingine. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la hatari kuliko yote katika habari hii, kwamba dawa inazidisha dalili ambazo mgonjwa anaitumia kuzitibu.

Madhara ya ugonjwa wenyewe ukiachwa si madogo. Kisa kinachojulikana sana katika historia ya tiba ni cha nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell. Mwanamume huyo mrefu alipungua kimo kwa karibu sentimita 18 kadiri mifupa yake ilivyokuwa ikinyonywa kalsiamu na kupondeka. Kuanzia mwaka 1926 alifanyiwa upasuaji mara kwa mara wa kutafuta tezi iliyoharibika, na haikuonekana. Ilipatikana mwaka 1932, katika upasuaji wa saba huko Boston, ikiwa imejificha kifuani badala ya shingoni. Alifariki dunia wiki chache baadaye kutokana na matatizo yaliyohusiana na mawe ya figo.

Siku hizi mambo yamebadilika. Katika nchi ambako kalsiamu hupimwa pamoja na vipimo vingine vya kawaida vya damu, wagonjwa wengi hugunduliwa kabla hawajaanza kuumwa. Penye uhaba wa kipimo hicho wanafika hospitali wakiwa tayari na mawe au mfupa uliovunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Namna ya kusoma majibu

Kipimo cha kwanza ni kalsiamu ya damu, na daktari huiangalia pamoja na protini iitwayo albumini, kwa sababu sehemu ya kalsiamu husafiri ikiwa imeishikilia. Kalsiamu ikiwa juu, kinachofuata ni PTH, kisha kipimo cha figo na cha vitamini D yenyewe.

PTH ndiyo inayotoa siri. Kalsiamu ikiwa juu na PTH ikiwa chini kabisa, maana yake tezi zimenyamaza kama zinavyotakiwa, na tatizo linatoka mahali pengine: pengine ni vidonge vilivyozidi, pengine ni ugonjwa mwingine kama kifua kikuu au saratani. Kalsiamu ikiwa juu na PTH nayo ikiwa juu, tezi ndizo za kushukiwa.

Kuna hali ya tatu inayowapita wengi. Kalsiamu iko juu, PTH imeandikwa kuwa ya kawaida, na mgonjwa anarudi nyumbani akifurahi. Hiyo haipaswi kuwa kawaida. Tanki likiwa limejaa, boya linatakiwa liwe limefunga, na PTH ya katikati wakati kalsiamu iko juu ni dalili kwamba halijafunga. Ukipata majibu ya namna hiyo, usiogope kumuuliza daktari swali hilo moja kwa moja.

Lakini PTH kuwa juu peke yake, huku kalsiamu ikiwa ya kawaida au chini, ni habari tofauti. Mara nyingi ni tezi zenye afya zinazolalamika kwamba vitamini D ni kidogo au figo zimechoka. Mtu huyo anaweza kuhitaji vitamini D hasa. Wagonjwa wa figo wengine huandikiwa vidonge vya alfakalsidoli au kalsitrioli, ambavyo ni vitamini D iliyokwisha kuamshwa, na huvitumia huku wakipimwa damu kila mara. Vidonge hivyo ni vikali na havina nafasi ya kuazimana, hata kama jina la ugonjwa linafanana.

Kuacha kabisa nako kuna madhara

Baada ya kusoma hayo, mtu anaweza kuamua kwamba mwenye parathairoidi asiguse vitamini D maisha yake yote. Hata madaktari wengi walikuwa wakifikiri hivyo. Ilikuja kuonekana kwamba wagonjwa hawa mara nyingi wana upungufu wa vitamini D, kwa sehemu kwa sababu homoni iliyozidi inaimaliza haraka. Na upungufu huo unaichochea tezi itoe homoni zaidi na kuila mifupa zaidi.

Nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 46 waliokuwa wakisubiri upasuaji. Nusu walipewa yuniti 2,800 za vitamini D kila siku na nusu vidonge vitupu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa vitamini walishuka PTH kwa asilimia 17, mifupa ya uti wa mgongo ikaimarika kidogo, na kalsiamu ya damu haikupanda. Katika utafiti wa New Zealand wa mwaka 2005 uliohusisha wagonjwa 21, nako damu ilikaa vizuri kwa ujumla, ila wachache kalsiamu kwenye mkojo ilipanda, jambo linalomhusu mtu mwenye historia ya mawe.

Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa ugonjwa huu, uliotolewa mwaka 2022, unashauri vitamini D irudishwe hadi kuvuka nanogramu 30 kwa mililita, sawa na nanomoli 75 kwa lita, bila kupitiliza. Kinachofanya jambo hilo liwe salama ni dozi ndogo ya kila siku inayoambatana na vipimo. Wataalamu hawapendi mgonjwa wa namna hii apewe dozi moja kubwa ya kumaliza mwezi, ile ya yuniti 50,000 au zaidi kwa mkupuo.

Kosa jingine la nyumbani ni kumnyima mgonjwa maziwa na dagaa. Kalsiamu iko juu, basi tupunguze chakula chenye kalsiamu. Inaonekana ni akili. Mwongozo huo huo unasema ale kalsiamu kama watu wengine wa umri wake, kwa sababu ukimnyima, tezi inaiendea mifupa. Kinachomponya kabisa mgonjwa anayestahili ni upasuaji wa kuondoa tezi iliyoharibika, na mikononi mwa daktari mzoefu hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi.

Soma namba kwenye kopo

Herufi IU kwenye kopo ndizo yuniti. Baadhi ya makopo yameandikwa mikrogramu, na hapo wengi huteleza: mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 25, kinachoonekana kidogo, ni yuniti 1,000. Mtu mzima wa hadi miaka 70 anahitaji yuniti 600 kwa siku, na aliyevuka hapo 800. Kiwango cha juu ambacho mtu mwenye afya anashauriwa asikizidi bila daktari ni 4,000. Kiwango hicho kiliwekwa kwa watu wenye breki. Asiye nayo asijipimie kwa hicho.

Mwaka 2022 madaktari wa Uingereza waliripoti kisa cha mwanamume aliyelazwa baada ya kutumia yuniti 150,000 kila siku pamoja na virutubisho vingine chungu nzima, kwa ushauri wa mtu wa lishe. Alitapika, akakonda, figo zikadhurika. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo ukiacha kidonge leo, damu inaweza kuchukua wiki au miezi kabla haijatulia.

Angalia pia dawa nyingine zilizo kwenye kabati. Dawa za presha za jamii ya thayazaidi, kama haidroklorothayazaidi ambayo wazee wengi wanaitumia, huzifanya figo zibakize kalsiamu. Vidonge vya kiungulia vyenye kalsiamu vinaiongeza. Lithiamu, inayotumika kwa baadhi ya magonjwa ya akili, inaweza kuichokoza tezi yenyewe. Dawa hizi zisiachwe kwa kusoma gazeti. Daktari anatakiwa azijue zote pamoja kabla hajaongeza vitamini D juu yake.

Na watoto je?

Ugonjwa wa parathairoidi kwa watoto ni nadra, lakini kuzidisha vitamini D si nadra kihivyo. Uingereza ya miaka ya 1950 iliona watoto wachanga wengi wenye kalsiamu ya juu baada ya vitamini D kuwekwa kwa wingi kwenye maziwa ya unga, nafaka za watoto na mafuta ya ini la samaki, na mwaka 1957 viwango hivyo vilipunguzwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, iligundulika kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu ya kurithi inayowafanya washindwe kuivunja vitamini D. Nao hawana breki, ingawa kwa sababu nyingine. Huko Boston, mwaka 1992 waliripotiwa wagonjwa wanane, wakubwa kwa wadogo, walioumia kwa kunywa maziwa ambayo kiwanda kimoja kilikosea kuyawekea vitamini hiyo.

Mtoto wa chini ya mwaka anahitaji yuniti 400 kwa siku. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wazazi kwamba kitone kinachouzwa na baadhi ya chupa kinaweza kubeba zaidi ya kipimo hicho kikijazwa chote. Basi usikitumie kitone cha chupa moja kwa dawa ya chupa nyingine, na kama mtoto anakunywa maziwa ya kopo, mwambie mfamasia kabla ya kununua matone.

Kwa mjamzito mwenye ugonjwa huu kuna la ziada. Kalsiamu ya mama huvuka kwenda kwa mtoto tumboni, na tezi za mtoto hulala kwa kuwa hazina kazi. Akizaliwa, mrija ule unakatika ghafla, kalsiamu yake inashuka na anaweza kupata degedege katika siku au wiki za kwanza. Mama aliyewahi kuwa na mawe ya figo au kuambiwa kalsiamu yake iko juu alitaje hilo kliniki mapema, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kumpeleka mzazi au ndugu hospitali, chukua makopo yote anayotumia, na yale ya miti shamba pia, uyaweke kwenye mfuko mmoja. Usitegemee kukumbuka majina. Mweleze daktari ameyatumia kwa muda gani, nani katika ukoo amewahi kuwa na mawe ya figo au uvimbe wa tezi, na omba kalsiamu iwe miongoni mwa vipimo. Ila akiwa anatapika bila kukoma, amechanganyikiwa, ana usingizi usio wa kawaida, mapigo ya moyo yanaenda ovyo au anakojoa sana huku midomo imekauka, usisubiri siku ya kliniki. Mwondoe kwenye vidonge hivyo na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kalsiamu inayofika milimoli 3.5 inahitaji dripu na uangalizi wa wodini.